Ijumaa Waliyompiga Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu Ibra, Oman, neno khanithi, tusi la mwanamume asiyehesabiwa mwanamume, halikukosekana kwenye chakula, kama ndimu. Mtu akiendesha gari polepole mbele yetu, khanithi. Mwimbaji akitokea kwenye televisheni na nywele zake za mafuta, khanithi. Binamu aliyelia alipopigwa sindano, huyo naye khanithi. Aliyelisema zaidi alikuwa ami, ndugu yake marehemu baba, ambaye tangu baba afe alijifanya ndiye mkubwa wa nyumba yetu, ingawa yake mwenyewe ilikuwa hatua mia tu kutoka kwetu, upande wa pili wa falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba. Alijaliwa kuchekesha. Alikuwa akiinuka katikati ya chakula, akashika kiuno, akatembea kwa madaha mpaka mlangoni na kurudi, na sisi sote tukicheka mpaka wali unatupalia. Mie nilicheka. Nataka hilo lijulikane kabla sijaeleza mabaya ya wengine. Na mdogo wangu alicheka kutushinda sote.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu, wa pekee aliyezaliwa Oman. Kaka yetu mkubwa na mimi tulizaliwa Unguja, tukaletwa hapa miaka ya sabini tukiwa watoto wenye akili zetu. Mama alimzaa mdogo wangu muda si mrefu baada ya kufika, akaumwa sana, na mimi, msichana wa miaka kumi na mbili, ndiye niliyembeba yule mtoto, niliyemwogesha na kumfundisha kusema shikamoo. Kwa hiyo miaka ya tisini, alipopata kazi ya ukarani katika ofisi moja ya Nizwa, hapakuwa na mjadala atakaa wapi. Nilikuwa nimeolewa Firq, pembeni mwa Nizwa, ambako mume wangu alikuwa na gereji. Akaja na begi lake, akapewa chumba cha mbele. Kila Alhamisi tulipanda gari sote kwenda Ibra kwa mama, na Ijumaa tukishakula mchana tunarudi.

Aliniambia siku moja tulipokuwa wawili peke yetu garini. Mume wangu na binti yetu walikuwa wamebaki Firq. Mchana ule ami alikuwa amechekesha kuliko kawaida yake. Tulisimama Sinaw kutia petroli, na mdogo wangu alipomaliza hakuwasha gari. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akatazama mbele, ambako hapakuwa na kitu ila mbuzi wawili waliofungwa nyuma ya pikapu.

"Dada," alisema, "yule anayeigizwa na ami ni mie."

Nilimwambia simwelewi.

"Unanielewa."

Kweli nilimwelewa. Nadhani nilikuwa nikielewa tangu yuko skuli, ila nilikifunika kile nilichokielewa kama mtu anavyofunika chungu kilichoungua ili wageni wasione. Niliyomjibu siku ile yananitia haya mpaka leo. Nilimwambia amwambie Mungu, asimwambie kiumbe mwingine. Nilimwambia akioa itamtoka. Nikamwuliza nani kamharibu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akawasha gari.

"Sikukwambia ili unitibu," alisema tulipokwisha kushika njia ya Izki. "Nimekwambia ili siku wanapocheka, awepo mtu mmoja kwenye sinia asiyecheka. Hayo tu, dada. Sitaki zaidi."

Basi nikaacha kucheka. Ukisikia hivi utadhani ni jambo dogo. Jaribu kukaa mbele ya sinia moja na watu wako, kwetu tulikula pamoja wake kwa waume kama tulivyozoea watu wa Unguja, mtu akafanya kichekesho, wote wakaangua, nawe ukaendelea kutafuna. Wiki ya kwanza ami aliniuliza kama nina mimba. Wiki ya pili mke wa kaka aliniuliza kama nimegombana na mume wangu. Sikuwajibu. Nilikuwa sicheki, lakini kusema nilikuwa bado siwezi.

Ujasiri wangu wa kwanza nilimfanyia asiyekuwa na kosa. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Ijumaa moja alicheza uani na wenzake, na mmoja wao aliposhindwa kuruka mfereji, nikamsikia binti yangu akimwambia, kwa sauti ya ami hasa, "Khanithi mkubwa wee!" Nilivuka uani nikamchapa kofi la uso. Kofi la mtu mzima. Alianguka juu ya ndoo. Damu ikamtoka puani, akanitazama bila kulia kwa sababu hakujua amefanya nini. Neno lile alilisikia kila wiki na kila wiki watu wazima walicheka. Ami alikuwa amekaa kibarazani na kikombe cha kahawa mkononi, akasema, "Mama mkali huyu, mashaallah." Nilimchukua mtoto nikamwosha pua. Ndani ya moyo nilijua nimempiga mtoto kwa sababu namwogopa mzee.

Mdogo wangu aliyaona yote. Garini, wakati wa kurudi, alimpakata binti yangu njia nzima.

Mdogo wangu alipotimia miaka ishirini na minne, ami aliamua kumwoza binti yake. Binti ami alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana, hodari, mwenye ulimi, na kwa desturi za jamaa hakuna aliyeona haja ya kuwauliza wenyewe. Siku ikapangwa: Ijumaa, baada ya sala, wanaume wasome Fatiha ya posa majlisini, chumba cha wageni wa kiume, kisha tule. Wiki ile tulimwacha binti yetu kwa jirani, tukasafiri Ijumaa yenyewe asubuhi. Tulipokaribia Ibra mdogo wangu alisema, "Leo nitakataa." Mume wangu, aliyekuwa akiendesha, alimtazama kwenye kioo. Mimi nilisema, "Kataa kwa adabu." Sikujua neno jingine la kumwambia.

Siku ile wanaume na wanawake walikaa mbalimbali kwa ajili ya Fatiha. Mimi na mama na mke wa kaka tulikuwa jikoni tukipakua pilau. Jiko letu na majlisi vilitengwa na ukumbi mfupi, na mlango wa ukumbini ulikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulisikia ami akianza kwa kumhimidi Mungu. Tulisikia sauti ya mdogo wangu, ya taratibu, ikisema, "Ami, naomba radhi. Binti yako ana heshima yake kwangu, lakini simuoi. Simuoi yeye wala mwingine."

Kisha ami akasema, "Basi ni kweli wanayoyasema Nizwa."

Baadaye nilipata kujua kwamba kuna mtu wa ofisini kwa mdogo wangu aliyemwona mara mbili na rafiki yake mmoja huko Bidiya, kwenye michanga, na kwamba maneno yalikuwa yamekwisha kufika Ibra wiki mbili kabla. Ile Fatiha ilikuwa mtego.

"Wanasema nini?" aliuliza mdogo wangu.

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyejibu. Alilisema lile neno. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilisikia mlango wa majlisi wa upande wa nje ukifungwa na komeo likiingia. Kisha nikasikia kitu nilichodhani ni mtu anapiga zulia kutoa vumbi. Mke wa kaka aliendelea kupakua pilau. Pigo la pili, la tatu. Hapo ndipo nilipomsikia mdogo wangu akilia, si maneno, sauti tu, na sauti ile niliijua tangu alipokuwa na wiki moja duniani.

Nilikimbia ukumbini mpaka majlisini. Nilichokiona nitakieleza kama nilivyokiona. Mdogo wangu alikuwa chini, kifudifudi, watoto wawili wa kiume wa ami wamemkalia miguu. Kaka mkubwa, aliyekuwa askari kwa miaka kumi na mitano na mwenye mkono wa kiaskari, alikuwa amesimama juu yake na bakora ya marehemu baba, akimpiga bila kuchagua: mgongoni, shingoni, kichwani. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na mimi mwenyewe asubuhi ile ilikuwa imeshika mgongoni kwa damu. Sikio la kushoto lilikuwa limepasuka. Ami alisimama kando, mikono nyuma, kama anayesimamia mafundi, akisema, "Umtoe! Umtoe huyo shetani!" Mume wangu alikuwa kwenye kona, binamu wengine wawili wamemshika mikono, anasukumana nao na hafui dafu.

Nilijitupa juu ya mdogo wangu. Kaka aliniona, naapa aliniona, kwa maana alisema, "Ondoka!" Sikuondoka. Niliinua mkono kukinga kichwa cha yule wa chini na bakora ikashuka hapo. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Sikusikia maumivu wakati ule. Nilisikia joto tu, na ghadhabu ambayo sikuwahi kuijua. Birika la kahawa lilikuwa palepale juu ya jiko la makaa, kwenye trei. Nililichukua kwa mkono mzima nikammwagia kaka yangu miguuni.

Alipiga ukelele akaiangusha bakora. Wale waliomkalia mdogo wangu walimwachia wakanijia mimi. Mmoja alinivuta nywele, mwingine alinipiga teke la ubavu. Nilimng'ata wa kwanza mkono mpaka nikahisi chumvi ya damu mdomoni. Watu wakiniuliza kama najutia kumwunguza ndugu yangu wa tumbo moja, nawajibu ukweli: sijutii. Najutia lile kofi la binti yangu.

Mama alikuwa ameingia bila sisi kumwona. Mama yangu ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akimpinga ami hata kwa bei ya tende. Alipita katikati ya wanaume, akakaa chini juu ya zulia, akakipakata kichwa cha mtoto wake kilichokuwa kikivuja. Upawa wa pilau ulikuwa bado mkononi mwake.

"Kaka yangu walimtoa roho hivihivi," alisema.

Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimgeukia. Habari za kaka yake wa Unguja mama hakuzisema hata siku moja. Tulijua tu kwamba alikuwapo, na kwamba baada ya siku zile za mauaji ya Mapinduzi hakuwapo.

"Walikuja wengi, wakamwita kwa jina ambalo si lake, wakampiga mlangoni kwetu kwa magongo. Na wengine walikuwa majirani. Na mie nilikuwa nyuma ya mlango, nimeziba mdomo kwa kanga nisisikike. Miaka yote hii nimekula, nimesali, nimezaa, na kanga ile bado iko mdomoni." Akamtazama ami. "Leo naitoa. Anayetaka kumpiga mwanangu aanze na mie. Wewe anza, shemeji. Na wewe," akamgeukia kaka mkubwa, aliyekuwa amekaa chini ameshika miguu yake, "ukimaliza kunipiga, unioshe unizike, kisha ukale pilau. Iko tayari."

Ami alisema, "Astaghfirullah, bibi, haya ni mambo ya dini na heshima."

"Nilisikia hivyohivyo mlangoni," mama alisema. "Wao pia walikuwa na sababu."

Hakuna aliyempiga. Mume wangu akajinasua, akavuta komeo, akambeba mdogo wangu mgongoni mpaka garini. Mama alipanda nyuma na ndara za ndani miguuni, hakuchukua hata buibui lake la kutokea. Mke wa kaka alimrushia dirishani, na huo ndio msaada pekee tulioupata nyumba ile siku ile.

Hospitali hatukusema kweli. Nieleze kwa nini, maana mtu anaweza kuniuliza. Daktari aliposhona kichwa na kuangalia sikio, akasema kiwambo kimepasuka na vidole viwili vimevunjika, alituuliza nani kafanya haya. Kama tungesema nani, tungeulizwa kwa nini. Na hicho "kwa nini" kingemwangukia aliyepigwa, si aliyepiga. Mdogo wangu alisema, kwa midomo iliyovimba, "Nilianguka darini." Daktari akanitazama mimi na mkono wangu uliovunjika. "Na mie nilikuwa chini, nikataka kumdaka," nilisema. Aliandika alichoambiwa.

Walikuja Firq siku ya nne, alasiri. Ami hakuja, alimtuma kaka mkubwa, miguu imefungwa bandeji ndani ya ndara, na wale watoto wawili wa ami. Walisimamisha gari mbele ya gereji, maana nyumba yetu ilikuwa nyuma yake na lango lilikuwa moja. Mimi nilikuwa ndani na mkono kwenye plasta, nikachungulia dirishani.

Kaka alimwambia mume wangu kwamba wamekuja kwa heri. Kuna shekhe huko jangwani anayetibu, atamsomea, atamfungia siku arubaini, atatoka mtu.

Mume wangu ni Mwarabu wa Tabora, mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Sikuwa nimejua anasimama wapi. Tangu Ijumaa ile hakusema lolote kuhusu jambo lenyewe. Alinunua dawa, akamwogesha shemeji yake kwa sababu vidole vya mwenyewe vilikuwa vimefungwa, akaenda kazini. Usiku nililala nikiogopa atakaloamua.

Alijifuta mikono kwa kitambaa cha mafuta. "Shemeji," alimwambia kaka, "huyu anakula kwangu. Mtu anayekula kwangu hafungiwi popote."

"Humjui alivyo," kaka alisema.

"Namjua. Miaka mitatu yuko kwangu, namjua kuliko wewe. Binti yangu anamwita mjomba, anamfundisha hesabu. Sielewi mambo yake, na sijasema naelewa. Lakini wewe nilikuona kwa macho yangu ukimpiga mtu aliyeshikwa miguu. Hilo nalielewa."

Mmoja wa watoto wa ami akamsukuma ili apite. Mume wangu hakusogea. Yule kijana akaokota kipande cha chuma kilichokuwa chini akampiga nacho begani, na mara mafundi wa gereji, watu watano, wakatoka chini ya magari. Kulikuwa na vumbi, na matusi ya Kiarabu na Kiswahili na Kihindi, na nilimwona mume wangu, ambaye hata mbuzi wa Idi huomba achinjiwe, akimkamata yule kijana kwa ukosi wa kanzu na kumgonganisha na mlango wa gari lake mwenyewe, mara moja, mara mbili. Jino likadondoka. Kaka mkubwa hakupigana. Alisimama tu na bandeji zake katikati ya fujo, akiangalia dirishani kwetu. Hakuniangalia mimi. Nyuma yangu alikuwa amesimama mdogo wetu.

Waliondoka. Kioo cha mbele cha gari la mteja wetu walikivunja kwa jiwe walipokuwa wakitoka. Jioni ile, wakati ninamkanda mume wangu bega kwa mkono mmoja, nilimwambia ahsante. Akasema, "Usinishukuru. Ijumaa nilikuwa kwenye kona."

Mama hakurudi tena Ibra kuishi. Lakini mimi nilirudi, mara moja, Idi kubwa ya mwaka uliofuata. Mume wangu alinikataza, mdogo wangu alinisihi nisiende. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa bado sijasema. Nilikuwa nimeunguza mtu na kung'ata mtu, lakini neno sikuwa nimelisema.

Jamaa wote walikuwa uani kwa ami, wanasubiri shimo lifunuliwe itolewe nyama iliyofukiwa na makaa tangu jana yake. Walinipokea kwa baridi, ila walinipokea. Siku ya Idi mtu hafukuzwi. Shimo lilipofunuliwa moshi ukatanda, na mmoja wa wajukuu akarudi nyuma akiziba macho. Ami akacheka. "Mwacheni khanithi huyo," alisema, "huyo ni wa kupelekwa Nizwa."

Walicheka. Si wote, lakini walicheka.

Nilisogea mpaka mbele yake. "Ami," nilisema, "shikamoo."

Alishtuka. "Marahaba."

"Neno hilo ulilolisema, mwenyewe ninaye nyumbani. Sikio lake la kushoto halisikii. Vidole viwili havikunji. Anaamka mapema kumpikia mama uji kwa sababu mama anapenda wa mkono wake. Ni mwanao, mtoto wa ndugu yako. Mlimpigia kitu ambacho hakumfanyia mtu yeyote hapa. Na kabla ya kumpiga kwa bakora mlimpiga kwa kicheko miaka ishirini, na mie nilikuwamo, nilicheka pamoja nanyi. Sasa nasema mbele ya wote: mbele yangu neno hilo lisisemwe tena. Likisemwa, nitajibu. Harusini nitajibu, matangani nitajibu."

Alinipiga kofi. Nilikuwa nalitarajia, lakini lilinisukuma hatua mbili karibu na shimo, na nikahisi joto la makaa nyuma ya miguu. Kaka mkubwa alikuwa mbele yangu kabisa, akainamisha uso.

Aliyesogea alikuwa binti ami, yule aliyekataliwa. Alitoka katikati ya wanawake akasimama ubavuni kwangu.

"Baba," alisema, "mie ndiye mwenye haki ya kukasirika, na sikukasirika. Alikuja kuniona kabla ya Ijumaa ile. Aliniambia kwa nini hawezi, na akaniomba radhi, na akaniuliza kama nataka akatae yeye au nikatae mie, ili lawama isije kwangu. Hakuna mwanamume aliyenipa heshima hiyo. Wewe hukuniuliza hata kama nataka."

Ami akainua mkono tena, kwa binti yake safari hii.

"Nipige," alisema. "Kisha na mie nitakwenda Firq."

Mkono ulikaa juu. Kisha ami akaushusha, akaingia ndani, akafunga mlango. Nyama ilitolewa, ikagawiwa. Mimi sikula. Binti ami alinisindikiza mpaka garini, na huko ndiko tulikolia, tumeshikana, yeye kuliko mimi.

Siwezi kusema jamaa waligeuka. Wengine mpaka leo hawaji kwangu, na ami alikufa hatujasalimiana. Ila neno lile, mbele yangu, halikusemwa tena isipokuwa mara mbili, na mara zote mbili nilijibu. Katika chumba cha walimu, skuli ninakofundisha, pia nimelijibu, na kwenye foleni ya benki. Nimeitwa mwendawazimu. Nimezoea.

Mdogo wangu alihamia Sur kwa kazi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Huja kumwona mama mara mbili kwa mwezi. Mara nyingine huja na rafiki yake, mtu mpole, mpenda samaki. Natandika chumba, napika, siulizi. Mama naye haulizi, humwambia yule rafiki, "Kula, mwanangu, umekonda."

Miaka michache baada ya Idi ile mama aliugua, upande mmoja ukalegea, na kaka mkubwa akaja Firq kumwona. Alikuwa amestaafu, ndevu zimekuwa nyeupe. Mama alimpokea, ni mwanawe. Mdogo wangu alikuwapo siku ile. Nilitandika mkeka, nikaleta sinia moja, bila kufikiri, kama zamani.

Kaka alisafisha koo. "Yale yamekwisha pita," alisema.

"Kwako yamepita," mdogo wangu alijibu.

"Wallahi, nilikuwa nataka kukuokoa."

"Ulikuwa unaniua, kaka."

Kaka alimtazama mama, kisha mimi, akisubiri mmoja wetu aseme ndugu ni ndugu, kuleni. Mama alifumba macho. Mimi niliinuka nikaleta sahani ya pili. Nilimpakulia mdogo wangu chakula chake, tukaenda kula jikoni, mimi na yeye, na kaka akala peke yake pale mkekani mpaka akashiba, akanawa, akambusu mama kichwani akaondoka.